Mtepe na Bega la Mchukuzi

Msafiri atokaye Ras Kiamboni akielekea Kismayu kwa njia ya bahari, akashika ule mkondo mwembamba upitao baina ya bara na safu ya visiwa vya Wabajuni, hupata upande wake wa kulia ukuta wa matumbawe ambao nyuma yake Bahari ya Hindi hunguruma mchana na usiku, na upande wake wa kushoto mikoko, mchanga na vichaka vya bara. Na katikati ya pande hizo mbili maji ni haba, vipwa ni vingi, na kina hubadilika kila saa kwa kupwa na kujaa. Chula, Chovai na Koyama, visiwa vilivyokaliwa na watu tangu zama za kale, vimeacha magofu ya misikiti na makaburi ya mawe ambayo mwanaakiolojia Neville Chittick aliyapitia, akachapisha habari zake mwaka 1969. Lakini mtu akitafuta mahali pa kufungia chombo kikubwa, haoni ila ufuo. Kismayu yenyewe, ambayo wazee husimulia kuwa jina lake limetoka katika maneno kisima yuu, yaani kisima kilicho juu, haikuwa na gati la maji marefu mpaka miaka ya 1960. Kwa hiyo, kwa karne nyingi, desturi ya pwani hii haikuwa kuupeleka mzigo bandarini, bali kukipeleka chombo kwenye mzigo.

Watu wengi wakiulizwa ni kitu gani kilichokipa chombo cha bahari umbo lake, hujibu pasipo kusita kuwa ni upepo na mawimbi. Jibu hilo lina nusu ya ukweli, na nusu yake ya pili imesahauliwa kwa kuwa walioandika habari za vyombo aghalabu walivitazama vikiwa vimetweka matanga, si vikiwa vimelala ubavu katika tope vikingoja shehena. Mimi naona kuwa chombo cha mizigo ni suluhu iliyopatanishwa baina ya mahasimu wawili: maji, ambayo hutaka chombo chembamba kilichochongoka mbele na nyuma, chenye ubavu mrefu wa kuzuia wimbi, na bega la mchukuzi, ambalo hutaka chombo kipana, kitupu katikati, chenye ubavu mfupi usiomlazimu mtu kuinua mzigo kupita kichwa chake. Fundi aliyeyasikiliza maji peke yake alijenga chombo cha mashindano, na aliyelisikiliza bega peke yake alijenga tishari. Wale wa baina ya hao wawili ndio waliojenga vyombo vilivyofanya biashara.

Katika nchi ya Tikuu, yaani nchi ya Wabajuni, suluhu hiyo iliitwa mtepe. Bwana C. J. W. Lydekker, alipochapisha makala yake katika jarida la Man mwaka 1919, aliuita waziwazi mtepe wa visiwa vya Wabajuni, ingawa watu wa Pate, Siyu, Faza na Lamu nao wana haki yao katika sifa hiyo, na sitaki kuamua daawa ambayo wenyewe hawajaimaliza. Mtepe haukuwa na msumari hata mmoja wa chuma. Mbao zake zilitobolewa kingoni, zikashikizwa kwa vigingi vya mti, zikashonwa kwa kamba ya makumbi ya nazi, kisha matundu yakazibwa. Tanga lake lilikuwa la mraba, limesukwa kwa miyaa kama mkeka wa kulalia, likapandishwa katika mlingoti uliosimama wima. Na omo yake ilitokeza mbele na juu mfano wa shingo ya ngamia, ambayo wazee huinasibisha na ngamia wa Mtume, ikapambwa kwa rangi na vibendera. Mitepe mikubwa ilifikia urefu wa futi 60 hivi. Nduguye, dau la mtepe, lilishonwa vivyo hivyo, ila omo yake ilinyooka bila ya shingo wala madaha, na yamkini ndilo lililobeba mzigo mwingi zaidi kwa sifa kidogo zaidi, kama ilivyo kawaida ya ndugu wadogo.

Ukale wa ushonaji huo hauna shaka. Mwandishi wa Kiyunani wa karne ya kwanza aliyeandika mwongozo wa Bahari ya Sham na pwani zetu alitaja vyombo vilivyoshonwa, na akaitaja bandari ya Rhapta, ambayo jina lake kwa lugha yake latokana na huko kushona. Marco Polo alipoziona merikebu za Hormuz alizidharau, akasema ni mbaya na nyingi hupotea kwa kuwa zimefungwa kwa kamba badala ya misumari. Ibn Battuta, ambaye alipita pwani yetu mwaka 1331 akifuata Mogadishu, Mombasa na Kilwa, alisema kinyume chake: kwamba chombo kilichoshonwa kina unyumbufu wa viungo, kikigonga jiwe hunyumbuka, ilhali kilichopigiliwa misumari hupasuka. Na Wareno wa Vasco da Gama, mwaka 1498, walivikuta huko Msumbiji vyombo visivyo na msumari, vyenye matanga ya mkeka. Katika hukumu hizi mbili mimi niko upande wa Ibn Battuta. Na sababu yangu haitoki katika miamba, bali katika ufuo. Chombo ambacho kila safari kitalazwa juu ya mchanga au matope, kikabeba uzito wake wote bila ya maji kukishika, kisha pengine kikatiwa mzigo hali kimelala hivyo, kinahitaji mwili unaokubali kupindika. Ubao uliopigiliwa msumari hulia mahali pale pale kila siku mpaka tundu likapanuka. Mshono hugawa maumivu hayo kwa urefu wa ubao mzima.

Tuuangalie sasa upakiaji wenyewe, maana hapo ndipo penye kiini cha habari yangu. Shehena kuu ya pwani hii ilikuwa ni miti ya mikoko, na hasa mkoko wenyewe, ule wenye mizizi iliyojikunja juu ya tope kama miguu ya kaa. Wakataji huichagua kwa unene: nguzo ni nene; kisha boriti, za kubeba dari ya nyumba ya mawe; kisha mazio; kisha pau na fito za kuwambia kuta. Huhesabiwa kwa korija, na korija moja ni miti 20. Na mti huu una tabia moja ambayo asiyeijua hawezi kuielewa biashara yake: mkoko mbichi ni mzito kuliko maji. Msonobari wa Ulaya ulikuwa ukikatwa milimani, ukatiwa mtoni, ukashuka wenyewe mpaka baharini, na watu wakausubiri chini wakivuta tumbaku. Boriti ukiitia majini huzama, ukaipoteza. Basi kila mti, kutoka pale uliposimama mpaka pale utakapolala ngamani, lazima uchukuliwe na kiumbe: begani mwa mtu katika tope la magoti, kisha ndani ya mtumbwi, kisha begani tena.

Kwa hiyo chombo hakina budi kuingia ndani ya hori, ule mkono wa bahari uingiao mikokoni, kadiri kiwezavyo. Nahodha huingia maji yakijaa, akatafuta mahali pa tope laini pasipo na jiwe, akaliacha bamvua limkalishe taratibu maji yanapotoka. Maji yakiisha kupwa, chombo hukaa juu ya tope na ubavu wake wote u wazi kama ukuta wa nyumba. Mtu asimamaye chini yake huona ubavu huo umempita kimo. Saa hiyo si saa njema ya kupakia, maana kila boriti yataka watu wawili, mmoja wa kuinua na mmoja wa kupokea. Maji yakianza kurudi, chombo kikaelea kidogo, mchukuzi akasimama katika maji ya kiuno, ndipo ubavu unapokuwa mkabala wa bega lake; hapo huja na mti wake, akageuza mwili nusu, akauacha utelezee ndani bila ya kuuinua hata shibiri moja. Na kila korija iingiayo hukishusha chombo kidogo zaidi. Tazama ajabu ya jambo hili: kadiri chombo kinavyozidi kujaa ndivyo kazi ya mchukuzi inavyozidi kuwa nyepesi, na ndivyo kinavyozidi kuwa karibu na kuzama. Mchukuzi na nahodha hawasomi alama moja katika ubao ule ule. Mmoja huona raha inakuja, na mwingine huona maji yanakuja.

Dawa yao kwa mgogoro huo ndiyo inayonifanya niwastaajabie. Ubavu wa mtepe uliachwa mfupi kwa makusudi, ili kupakia kuwe rahisi. Na shehena ilipokwisha kuingia, mabaharia walisimamisha juu ya ubavu huo ukuta wa mikeka iliyosukwa kwa miyaa, wakaufunga kutoka omo hata karibu na tezi, ukawa kinga ya mawimbi yarukayo chombo kikiwa kizito. Mikeka haizuii tufani, wala hakuna aliyedai kuwa huizuia. Lakini wimbi la kila siku, lile linalochungulia ndani kisha likajuta, huligeuza likarudi lilikotoka. Wakifika Mombasa au Unguja, mikeka huvingirishwa, ubavu ukawa mfupi tena kwa wale wapakuao. Majahazi yaliyoufuata mtepe yaliirithi desturi hiyo hiyo. Kwa hila ya mkeka, ambao mwanamke wa Koyama aweza kuusuka akiwa barazani, chombo kimoja kilikuwa na maumbo mawili, moja la ufuoni na moja la baharini. Mtu wa kalamu akipita huona ni uchakavu, kana kwamba wenye chombo walikosa mbao.

Hesabu nyingine ilikuwa ya mwezi. Anayepakia siku za bamvua hupata maji mengi ya kuingilia horini, na kishawishi cha kuongeza korija moja, na nyingine, na nyingine. Lakini akikosea, akakaa mpaka bamvua limekwisha, maji mafu hayatamwinua. Atakaa hapo hapo na shehena yake, maji ya kunywa yakipungua, mpaka mwezi utengeneze bamvua jingine, karibu siku 14. Nahodha mwenye akili huacha korija chache ufuoni, na mwenye mali humlaumu kwa sauti kubwa. Natumai laana hizo zilihesabiwa katika ujira wake.

Nirudi katika umbo. Mtepe ulichongoka ncha zote mbili, omo na tezi, na hilo ndilo maji yalilotaka. Wengi hudhani kuwa chombo hupata taabu mbele, pale kinapopasua maji. Lakini aliyewahi kuvuta kamba ya mtumbwi ulioelekezwa kinyume anajua kuwa taabu kubwa iko nyuma, pale maji yaliyopasuliwa yanapotaka kukutana tena. Tezi iliyochongoka huyaacha yakutane kwa upole. Tezi iliyokatwa wima kama mlango huyaacha yakizunguka na kuvurugika, na ule mvurugo hushika chombo kama mtoto ashikaye vazi la mamake. Walakini ncha hizo hazikupewa bure. Boriti ni mti ulionyooka, haukubali kupinda ufuate ubavu wa chombo. Kwa hiyo pembe za mbele na za nyuma hazipokei boriti hata moja, zikabaki kwa pipa la maji, jiko, nanga na mkeka wa nahodha. Fundi wa mtepe aliilipa bahari kodi ya nafasi, akaridhika.

Fundi wa jahazi hakuridhika. Katika majahazi ya Lamu na Mombasa, kama katika mabagala na sambuku za Waarabu na Wahindi, tezi ilikatwa ikawa ubao mpana, na wengi husema kuwa mtindo huo waliuiga kwa Wareno. Kwa kuukata waliupata uwanja wa shetri, nafasi ya watu na bidhaa, na mahali pa usukani wenye nguvu. Maji yakawavuruga nyuma, nao wakajibu kwa tanga. Tanga la pembetatu, lililopandishwa kwa foromali ndefu katika mlingoti ulioinama mbele, lilikuwa la nguo, na lilikwenda joshi kwa namna ambayo mkeka wa mraba haukuizoea. Hasara ya tezi ikalipwa na faida ya tanga. Mabumu ya Kuwait yalibaki na ncha mbili, tena makubwa kuliko mtepe wowote, nayo yalizifuata boriti mpaka Lamu na Rufiji. Alan Villiers, Mwaustralia aliyesafiri ndani ya bumu moja mwaka 1939, ameacha habari ya mabaharia wake wakitaabika matopeni mwa Rufiji kuzipakia; na mtu akiisoma habari ile baada ya kuufahamu mtepe huona mara moja adha ilikotoka. Bumu lilijengwa kwa ajili ya bahari kubwa. Halikuweza kulifuata bega mahali lilipo, basi bega likalazimika kulifuata bumu.

Kama mtepe ulikuwa na hekima yote hii, kwa nini haupo? Mwanahistoria Erik Gilbert, aliyeandika juu yake mwaka 1998, aliligeuza swali, akauliza kwa nini ulidumu muda mrefu namna ile wakati majirani wote walikwisha kuhamia msumari. Na jibu akalitafuta katika biashara ya kanda yetu, si katika uzito wa akili za watu wa pwani, jambo ambalo namshukuru. Mimi ningeongeza hili. Mtepe ulivuja. Uvujaji wake haukuwa ajali, ulikuwa tabia. Mabaharia walikumba maji ngamani usiku na mchana kwa zamu, na anayesema kuwa marejeo ya tezi na omo ni ngamani asidhani kuwa wahenga walitunga mithali hiyo wakiwa wamekaa pakavu. Sasa boriti hazidhuriki kwa maji. Zilale ngamani katika maji ya chumvi safari nzima, zitashuka Unguja zikiwa hali ile ile. Lakini mchele hauwezi, wala sukari, wala majora ya nguo, wala ngozi za ng'ombe zilizokaushwa ambazo Kismayu ilikuwa ikizitoa. Biashara ilipohama kutoka bidhaa zisizoogopa maji kwenda bidhaa zinazoyaogopa, mshono ulikosa mtetezi. Kufikia katikati ya miaka ya 1930 mitepe ilikuwa imekwisha baharini, na James Hornell alipoichapishia makala yake ndefu mwaka 1941 alikuwa akiandika habari za marehemu.

Miaka ya mwanzo ya karne hii ulishonwa mtepe mzima ndani ya Beit al-Ajaib, Unguja, ukaitwa Shungwaya, kwa jina la ile nchi ya asili ambayo masimulizi ya Wabajuni na ya Wamijikenda huitaja, na ambayo baadhi ya wataalamu waliitafuta karibu na Bur Gao. Nilipata kusimama kando yake. Watazamaji walikuwa wakiitazama omo, maana shingo ile ya ngamia huvuta macho. Mimi nilikwenda ubavuni, nikapitisha kidole katika kamba za makumbi zikiingia tundu na kutoka tundu, ngumu, zenye kukwaruza, kisha nikauweka ukingo wa ubao mkabala wa bega langu kama mchukuzi, mpaka mlinzi akanitazama kwa shaka nikaondoka. Jumba lile liliporomoka upande mmoja tarehe 25 Disemba 2020.

Wageni waliokuja pwani hii na vyombo vya moshi walijifunza somo la ufuo kwa gharama. Mwaka 1865 Baron Karl Klaus von der Decken alileta meli mbili za chuma ili apande mto Juba, ambao mlango wake uko kaskazini kidogo ya Kismayu. Iliyo ndogo, iliyoitwa Passepartout, neno ambalo maana yake ni mpita pote, iliangamia pale pale mlangoni, katika fungu la mchanga ambapo mto na bahari hugombana. Ile kubwa, Welf, ilipanda mpaka juu ya Bardera, ikatobolewa na mwamba, na Baron mwenyewe akauawa mjini Bardera. Chuma hakinyumbuki.

Mambo ya dola nayapita upesi, kwa sababu yaliupita ufuo upesi vilevile. Kismayu ilikuwa chini ya Sultani wa Unguja. Wamisri wakaishika kwa miezi michache mwaka 1875. Waingereza wakaitawala pamoja na Jubaland yote tangu 1895. Mwaka 1925 ikakabidhiwa kwa Waitalia. Na 1960 ikawa katika Jamhuri ya Somalia. Bendera zote hizo zilishushwa na kupandishwa mbele ya wachukuzi wale wale. Vinigi Grottanelli, mtaalamu wa Kiitalia ambaye kitabu chake juu ya Wabajuni kilitoka 1955, hakuwaita raia wa dola hii wala ile. Aliwaita wavuvi wa Bahari ya Hindi, na ndivyo walivyokuwa, watu waliomvua kasa kwa kumfungia samaki aitwaye chazo kamba ya mkia, wakamwachilia akajibandika gambani mwa kasa, kisha wakawavuta wote wawili.

Mabadiliko ya kweli yalikuja miaka ya 1960, Wamarekani walipoisaidia Somalia kujenga gati. Kisiwa kilichokuwa peke yake mbele ya mji kiliunganishwa na bara kwa njia nyembamba ya mawe, na meli za maji marefu zikaja kuchukua ndizi za bonde la Juba. Kwa mara ya kwanza katika taarikhi ya pwani hii mzigo ndio uliosafiri kukifuata chombo, na bega la mchukuzi halikuwa tena kipimo cha ubavu. Miaka michache kabla ya hapo, tarehe 26 Aprili 1956, mwenye malori mmoja wa Marekani, Malcom McLean, alikuwa amepakia makasha 58 ya alumini katika meli Ideal X huko Newark. Na kasha hilo, ambalo leo tunaliona kila barabara itokayo Mombasa au Dar es Salaam, ndilo ushindi kamili wa upakiaji juu ya umbo. Ni mraba. Hupangika, hufungwa, huinuliwa na mashine, haliogopi kitu isipokuwa upepo.

Na upepo umedai haki yake. Mnamo 1973 mhandisi wa NASA, Edwin Saltzman, aliyekuwa akienda kazini kwa baiskeli huko Edwards, California, alihisi kila lori kubwa limpitapo likimsukuma kwanza kando, kisha likimvuta nyuma yake. Akaingiwa na fikra ambayo nahodha yeyote wa Chula angaliweza kumpa bila malipo. Yeye na wenzake walichukua gari, wakalivika mabati mpaka likawa sanduku tupu lenye pembe kali, wakalipima, kisha wakaanza kuzichonga pembe. Walipoziviringa pembe za wima, mbele na nyuma, ukinzani wa hewa ulipungua kwa asilimia 40, na nafasi ya mzigo kwa asilimia 1.3 tu; walipoziviringa na za mlalo, ukinzani ukapungua kwa asilimia 54, na nafasi kwa asilimia 3. Ile asilimia 3 ndiyo zile pembe za mtepe zisizopokea boriti. Wenye matela huko Marekani wakaongeza baadaye mbao za ubavuni zishukazo chini, na nyuma kabisa wakabandika tezi iliyochongoka, ambayo kwa lugha yao wanaiita mkia wa mashua. Lakini mkia huo ulizuia milango ya nyuma, wapakiaji wakanung'unika, ikabidi utengenezwe wa kukunjwa, ufunguliwe barabarani na ufungwe ghalani. Niliposoma habari hiyo niliikumbuka ile mikeka ya miyaa.

Gati la Kismayu halikuliondoa bega kwa muda mrefu. Dola ya Somalia ilipovunjika, mashine zilisimama, watu wakarudi kubeba. Na ilipofika 2012, mwaka ambao Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilipiga marufuku makaa ya Somalia, bidhaa iliyojulikana zaidi ya bandari ile ilikuwa ni magunia ya makaa, yakipanda majahazini mgongoni mwa watu kwenda Ghuba. Misitu ya mgunga ya bara ya Juba iliondoka kwa njia hiyo, gunia baada ya gunia.

Lakini nimeruka mwaka mmoja. Mwaka 1991 vita vilipofika Kismayu na visiwani, Wabajuni hawakukimbilia gatini, kwa kuwa gati lilikuwa mikononi mwa wenye bunduki, na ndipo mahali pa kwanza ambapo adui hukuvizia. Walikwenda fuoni. Mashua na majahazi yaliyokuwa ya samaki na ya boriti yaliletwa maji yakijaa, katika Koyama, katika Chovai, katika Chula, mahali popote penye mchanga wa kutosha kukalisha chombo. Na watu wakaingia majini na watoto wao vichwani, na magodoro, na masufuria, mpaka maji yakawafika kiuno, ambapo ubavu ulikuwa mkabala wa bega. Wazee walipokewa kwa mikono, wakageuzwa nusu, wakatelezeshwa ndani. Chombo kikashuka kidogo, kisha kidogo tena, na nahodha akautazama ule ubao, akasema basi. Mikeka ikafungwa ubavuni, tanga likatwekwa, wakafuata kaskazi kwenda Lamu na Mombasa.